Zimwi Linalokujua: Kwa Nini Dead Space 2 Bado Inatisha

Gemu ya kutisha ikipata mwendelezo, huwa imeshanyang'anywa silaha yake kubwa kabla haijaanza. Mchezaji zimwi ameshaliona. Anajua linatokea wapi, lina mikono mingapi na linakufaje. Ndiyo maana miendelezo mingi ya aina hii huishia kuwa gemu za vita: wanaongeza mazimwi, wanaongeza risasi, wanalipua kila kinacholipuka, na woga unatokomea zake.

Dead Space 2, iliyotengenezwa na Visceral Games na kutolewa na Electronic Arts Januari 2011, ingeweza kupita njia hiyo hiyo. Kuna mahali inaipita kweli, nitafika huko. Lakini kwangu mimi hakuna mwendelezo wa kutisha ulioelewa vizuri zaidi kwamba mchezaji mwenye kumbukumbu ni rahisi kumtisha kuliko mgeni. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili linakula mpaka mifupa, na linaanzia kwenye kile unachokijua.

(Kama hujaicheza na unapanga kuicheza, ishia hapa. Nitaisimulia mpaka mwisho wake.)

Gemu ya kwanza ilitoka mwaka 2008. Isaac Clarke, fundi mitambo, anatumwa kwenye USG Ishimura, meli kubwa ya anga inayopasua sayari ili kuvuna madini. Meli imekatika mawasiliano, na mpenzi wake Nicole ni daktari humo ndani. Anachokikuta ni maiti zilizogeuzwa kuwa Necromorph, viumbe vyenye ncha za mifupa mahali pa mikono, wasiosikia risasi ya kichwa. Dawa yao ni kuwakata viungo kimoja kimoja. Chanzo cha balaa lote ni Marker, nguzo inayovuruga akili za watu wanaoikaribia.

Siri kuu ya gemu ile ni kwamba Nicole alikuwa amekufa tangu mwanzo. Yule aliyekuwa akimtokea Isaac alikuwa kazi ya Marker kichwani mwake. Watengenezaji hata walituachia jibu hadharani: ukichukua herufi za kwanza za majina ya sura zote 12, zinaunda sentensi ya Kiingereza inayosema Nicole amekufa. Wengi wetu tulipita pale pale bila kuona.

Sasa, sehemu ya pili ifanye nini na siri ambayo kila mtu anaijua? Imeiweka mezani. Nicole anamtokea Isaac mapema kabisa, macho na mdomo vikitoa mwanga, na hakuna anayedanganywa: wewe unajua amekufa, Isaac anajua amekufa, na bado anamjibu. Swali la gemu ya kwanza lilikuwa "yuko wapi?" La hii ya pili ni zito zaidi: mtu anaishije na mzuka anaojua ni wa uongo, ikiwa mzuka huo unasema maneno ambayo yeye mwenyewe anajilaumu nayo kila usiku? Hilo halihitaji giza wala kelele. Linahitaji mwigizaji, na hapo ndipo uamuzi wa kumpa Isaac sauti unapolipa.

Katika gemu ya kwanza Isaac alikuwa bubu, zaidi ya kuguna na kupiga ukelele. Hapa anaongea, kwa sauti ya Gunner Wright, na tunaiona sura yake mara kwa mara. Hoja ya kupinga uamuzi huo naielewa: mhusika bubu ni rahisi kumvaa, woga wake unakuwa wako. Lakini mtu anayegombana na hewa tupu hawezi kuwa bubu. Ukimsikia Isaac akiongea kwa akili timamu kwenye redio na Ellie, manusura mwenzake, kisha dakika mbili baadaye akimbembeleza mtu ambaye hayupo, unaanza kumtilia shaka mwenye mwili unaouendesha. Tena gemu imemwekea kioo cha kujitazama: Nolan Stross, mgonjwa mwenzake wa ugonjwa ule ule, ambaye mwanzoni anaonekana ni mzee wa kuhurumiwa tu, hadi anapomng'oa Ellie jicho kwa bisibisi. Isaac anajua kabisa hiyo ndiyo njia aliyomo.

Mwanzo wake wenyewe ni wa kufundishia. Imepita miaka mitatu tangu Ishimura na Isaac hakumbuki hata siku moja ya miaka hiyo. Anaamshwa hospitalini na kijana mwenye tochi, amevishwa lile vazi la wagonjwa wa akili linalofunga mikono kifuani. Kijana hajamaliza kujieleza, anachomwa na kugeuzwa Necromorph pua kwa pua na Isaac, sura ikipasuka skrini nzima. Kisha unapewa padi, ukimbie. Huna silaha, huna mikono. Pembeni wanachinjwa watu na wewe unachoweza ni kusukuma mabega mbele. Mchezaji mkongwe aliyeingia akijisifu kwamba anajua pa kukata anajikuta ujuzi wake hauna pa kushikia. Baadaye kidogo mwanamume mmoja mwenye kisu cha upasuaji anamkata Isaac kamba, unashusha pumzi, halafu mtu huyo anajikata koo lake mwenyewe mbele yako. Hapo bado hujapata hata bunduki.

Kuhusu mandhari. Ishimura ilikuwa mahali pa kazi: mitambo, karakana, maghala. Sprawl, kituo cha anga ambamo sehemu hii ya pili inatokea, ni mji. Umejengwa juu ya kipande kilichobaki cha Titan, mwezi wa Zohali uliopasuliwa kwa ajili ya madini yake, kwa hiyo hata ardhi ya pale ni masalia ya kitu kilicholiwa. Humo kuna nyumba za kupanga, maduka, kanisa la Unitology, dini inayoiabudu Marker, lenye maiti zilizohifadhiwa kusubiri ufufuo, na shule ya watoto. Unapopita kwenye vyumba vya makazi unasikia watu nyuma ya milango wakigonga, wakilia, wakipigana na kitu, na milango haifunguki. Gemu ya kwanza ilikufikisha baada ya msiba; hii imekuleta msiba ukiwa unaendelea.

Shule ndiyo watu wanaikumbuka, na kwa haki. Kuna dirisha pale. Ng'ambo ya kioo mwanamke amekaa sakafuni, amemnyoshea mikono mtoto mchanga anayetambaa kumwendea, na anamwita kwa upole, kama mama yeyote. Mchezaji anajua kile si mtoto tena. Yule mama hajui, au hataki kujua. Huwezi kupiga kioo kumwonya. Mtoto anamfikia, mlipuko, damu inafunika dirisha. Hakuna kilichokushambulia, hujapoteza uhai hata kidogo, na ni kati ya dakika mbaya kuliko zote. Ingewekwa kwenye gemu ya kwanza, kabla hatujajifunza viumbe hawa ni nini, isingeuma hivyo.

Taharuki ya kawaida, ile ya mkono kwa mkono, nayo imejengwa juu ya mazoea yetu. Mchezaji wa Dead Space anajua matundu ya hewa ndiyo milango ya Necromorph, kwa hiyo hupita katikati ya korido na kila tundu analikodolea macho. Basi gemu inajaza matundu kila mahali na mengi hayatoi kitu. Kisha inaleta Stalker, aina ya Necromorph ambao hawatoki tundu lolote. Wanakaa nyuma ya makontena, wanachungulia, kichwa kinatokeza na kurudi, unasikia sauti zao zikiitana kushoto, kisha kulia. Wewe umejifunza kusubiri adui akujie umkate mguu. Hawa wanasubiri uangalie kwingine. Ukiona kichwa kimoja, anayekuja kukuvamia ni mwingine.

Halafu kuna madirisha ya nje. Risasi moja ikienda kombo, kioo kinapasuka na hewa yote inafyonzwa kwenda angani, na Isaac pamoja nayo. Una sekunde chache za kulenga ile taa nyekundu juu ya dirisha ili shata lifunge. Silaha uliyokuwa ukiiamini sasa ni hatari kwako mwenyewe. Nani atapiga kiholela baada ya hapo?

Niseme neno moja tu kuhusu vipimo vya uhai na risasi, maana limeshasemwa sana: uhai wa Isaac unaonyeshwa na mstari wa mwanga mgongoni mwa suti, idadi ya risasi inaelea juu ya silaha, na ukifungua mkoba wa vifaa dunia haisimami kukungoja. Inafanya kazi leo kama ilivyofanya wakati ule.

Tufike sura ya 10. Isaac analazimika kurudi Ishimura. Meli imevutwa mpaka kituoni, inasafishwa, na njia iliyobaki inapita ndani yake. Isaac mwenyewe anasita kabla ya kuingia. Ndani, kuta zimefunikwa karatasi kubwa za plastiki, kuna taa za urujuanimno zinazong'arisha madoa ambayo wasafishaji hawakuyamaliza, na ukimya. Unatembea. Hakuna kitu. Unafika mahali unapopakumbuka kabisa, ambapo mara ya kwanza ulimaliza risasi zote, na hakuna kitu. Unapita kituo cha treni ya ndani. Hakuna kitu. Plastiki inatikisika kidogo na unaipiga risasi. Mchezaji mzoefu sasa anapoteza risasi kwa plastiki!

Kinachotisha pale hakijawekwa na msanifu wa sura ile. Amekileta mchezaji kutoka mwaka 2008. Korido zenyewe zimesafishwa, lakini mchezaji anazijaza upya kwa kumbukumbu zake. Mtu aliyeanza na sehemu ya pili bila kucheza ya kwanza ataona meli tupu na atashangaa kwa nini muziki umepungua. Ni kitendo cha ujasiri mkubwa kwa gemu ya bajeti kubwa kama ile, kukaa kimya muda wote huo na kuamini kwamba mtu aliye upande wa pili wa skrini atajitisha mwenyewe. Viumbe wanapotokea hatimaye, kwangu ilikuwa kama nafuu.

Sindano ya jicho, karibu na mwisho, wengi wanaiweka namba moja. Isaac analala chini ya mashine, sindano inashuka, na ni wewe unayeielekeza kwenye mboni wakati jicho linahangaika huku na huko. Mapigo ya moyo yakipanda unasubiri yatulie. Ukikosea, mashine inamshindilia usoni na huoni tena kitu cha kutamani kula. Ni tukio la nguvu, sikatai, hasa kwa kuwa Stross amekuwa akiliimba kwa mafumbo kwa saa nyingi kabla, kwa hiyo ukiona kiti unajua. Ila ni mshtuko wa mwili. Ishimura ni wa ndani zaidi.

Mahali inapoyumba ni pale inapoogopa kumchosha mchezaji. Treni inayokimbia huku unaning'inia miguu juu, chombo cha kivita kinachomimina risasi, milipuko ya kutupwa angani na kurudi: yote yametengenezwa kwa ustadi, na yote yanapita bila kuacha alama. Hans Tiedemann, mkurugenzi wa kituo, ni adui wa kwenye skrini za mawasiliano. Anatisha kama karani aliyechelewa kwenda nyumbani. Kiumbe asiyekufa anayekufukuza katika sura za mwisho ni wazo zuri, lakini gemu ya kwanza ilishalitumia, na hapa halijaongezewa kitu zaidi ya kasi.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ramani. Waliiondoa. Ukibonyeza kijiti, mstari wa mwanga unachorwa sakafuni kukuonyesha uendako, na karibu kila mlango ulioupita haurudiki. Ishimura ilikuwa na vitengo ulivyorudia, ukajua njia za mkato, ukachagua pa kujificha. Sprawl, mji mzima wa watu, ni korido moja ndefu iliyopambwa vizuri sana. Mji usioweza kukupoteza umeacha hofu moja ya bure kabisa ipite. Najua kwa nini walifanya hivyo, kasi ilihitaji njia nyembamba, lakini bei ni kubwa.

Na ule mzaha wa mwisho. Gemu ya kwanza ilifunga na Isaac akiwa peke yake kwenye chombo, anageuza kichwa polepole, na Nicole anamrukia. Sehemu ya pili inafunga na Isaac kwenye chombo tena, uchovu ule ule, kichwa kinageuka kwa mwendo ule ule. Wewe umeshakaza taya. Anayekutana naye ni Ellie, mwenye jicho moja, anayeuliza kuna nini. Basi. Nilicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyeshikwa.

Dead Space ya kwanza ilitengenezwa upya na studio ya Motive na kutoka Januari 2023. Ishimura ya humo imeunganishwa yote, unaizunguka unavyotaka. Wakija kuifanyia hivyo ya pili, waupe Sprawl ramani na sababu ya kurudi nyuma, wampunguzie Tiedemann nusu ya maneno, na kile kipande cha mwanzo cha sura ya 10 wasiongeze hata panya.