Runinga ndani ya mashine ya gemu? Niacheni

Konsoli (mashine ya gemu) ya Xbox One ilipotoka mwaka 2013 ilikuja na tundu la HDMI, yaani la waya wa picha na sauti, la kuchomekea king'amuzi, eti kila kitu kipitie humo humo. Wazo tamu. Ila kutazama taarifa ya habari tu lazima uwashe konsoli nzima! Kinachokera zaidi ni picha: runinga za Ulaya hurusha matangazo kwa hezi 50, yaani picha hubadilika mara 50 kwa sekunde, konsoli nayo kwa kawaida inatoa 60, basi mpira ukipigwa unakwenda kwa kushtukashtuka. Na rimoti je? Ya king'amuzi, ya runinga, na padi ya kuchezea gemu juu yake, zote zimejaa kwenye kochi. Xbox Series X ya 2020 tundu hilo haina kabisa. Afadhali.