Kunasikika Nini?

Jamani, hebu niwaulize. Nchi yenye kimya mpaka unasikia theluji ikitua kwenye kofia yako, nchi ambayo lifti ikiwa na watu sita unasikia saa ya mkononi ya yule wa nyuma ikigonga, wenyewe wakijuliana hali wanasema, "Mitä kuuluu?" Neno kwa neno maana yake ni "Kunasikika nini?" Kunasikika nini wapi, bwana? Mwaka wa tatu huu nimetega sikio hapa Ufini, nilichosikia ni mbwa wawili na gari la kuzoa theluji.

Mimi mtu wa Tanga, Ngamiani. Kwetu ukitumwa mandazi nyumba ya sita, unayapokea yana moto na unayafikisha mawe. Njiani pana mzee kakaa barazani. Shikamoo. Marahaba, baba hajambo? Hajambo. Na ule mguu wake? Unaendelea vizuri. Na yule mbuzi wenu? Mbuzi naye anaulizwa hali! Hujapiga hatua kumi, mama muuza kachori anataka habari za dada yako aliyeolewa Pangani, na huwezi kumjibu ukiwa unatembea, hiyo ni dharau, utasemwa mpaka msikitini. Nikifika nyumbani napigwa kwa kuchelewa, na anayenipiga ananiuliza hapohapo, "Mama Zuhura umemsalimia?"

Sasa mtu aliyekuzwa hivyo mchukue umtupe Tampere, ghorofa ya nne, mwezi wa Desemba. Jua linachomoza saa tatu na dakika arobaini asubuhi, ikifika saa tisa na dakika tano alasiri limeshazama, na hapo katikati lenyewe halisalimii mtu, linapita nyuma ya mawingu kama mdaiwa. Naamka giza, naenda kazini giza, narudi giza. Kutoka mlangoni kwangu hadi kazini nahesabu maneno niliyotamka: sifuri. Mdomo unaota kutu. Kuna siku nilimsalimia mashine ya tiketi.

Halafu majirani. Milango yetu ina kile kijitundu cha kuchungulia, na mimi nilidhani ni cha kuangalia wezi. Loo! Ni cha kuangalia jirani, ili ukimwona yuko kwenye ngazi usubiri kwanza apite. Nafungua mlango wangu, nasikia kitasa cha mlango wa pili kikigeuka, kikaganda. Mtu yuko nyuma ya ubao anazuia pumzi. Na mimi najua yupo. Na yeye anajua najua. Tumekaa hivyo mpaka taa ya ngazini ikajizima yenyewe.

Basi nikasema tatizo ni lugha. Nikaenda kozi. Huko nikajiona bingwa, maana Kifini kinasomwa kama kilivyoandikwa, kama chetu. Mwanamume na mwanamke wote ni "hän", kama sisi na "yeye" wetu. Maneno yanabandikwa vipande vipande kama chetu, tofauti ni kwamba sisi tunabandika mbele, wao nyuma, na jina moja lina mikia kumi na tano. Sawa, mikia tutaizoea. Taabu ikawa ile "ä". Mwalimu anasema "mitä", mimi nasema "mita", kama fundi cherehani. Anasema hapana, ibane. Ukiibana sawasawa unatoa sauti ya mbuzi aliyekatishwa katikati ya mlio. Wiki nzima nimesimama mbele ya kioo, mtu mzima na ndevu zangu, mee, mee, mitä.

Tukafundishwa: "Mitä sinulle kuuluu?" Jibu: "Kiitos, hyvää." Safi kabisa. Nikatoka darasani nikiwa na salamu yangu mfukoni kama noti mpya.

Haikubaliki popote! Mtaani hakuna mtu anayesema vile. Ile ni lugha ya vitabu. "Sinulle" mtaani ni "sulle", "sinä" ni "sä", maneno wanayakata mikia hiyohiyo niliyoililia darasani. Siku ya kwanza kazini, nafanya usafi kwenye shule moja, msimamizi kaingia akanipungia mkono, "Moro!"

Nikamjibu, "Hapana, Tanga."

Kumbe "moro" ndiyo salamu ya Tampere. Mimi najua Moro ya Mji Kasoro Bahari, nikaona huyu bwana kasafiri, anaijua hata Morogoro. Akaniangalia. Akaongeza, "Mites menee?" Hii kwenye daftari langu haimo, lakini nikahisi ni ile ile, maana yake mambo yanakwendaje. Nikabana koo nikatoa, "Hyvää!" Akasema taratibu, "Hyvin." Nikasema, "Hyvää." Akasema, "Hyvin."

Ikabidi nielezwe, na dekio mkononi. Ukiulizwa "mitä kuuluu" unajibu "hyvää". Ukiulizwa "miten menee" unajibu "hyvin". Yote ni "nzuri", lakini nzuri ya huku haiendi kule. Nilinuna nusu siku. Halafu nikakumbuka jinsi tulivyokuwa tunamcheka yule mgeni pale Tanga, tukimwambia "Hujambo" anajibu "Poa", tukimwambia "Mambo" anajibu "Marahaba". Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mungu anaandika kila kitu.

Lakini yote hayo hayafikii jibu la mwenzangu wa zamu ya jioni. Nimemuuliza vizuri, kwa lugha ya mtaani, "Mitä kuuluu?" Akashusha pumzi, akaangalia dirishani kwenye giza, akasema, "Ei kurjuutta kummempaa."

Nikatafuta neno moja moja kwenye simu. Hakuna. Cha ajabu. Kuliko dhiki. Hakuna cha ajabu kuliko dhiki! Moyo ukanilipuka. Kwetu mtu hasemi hivyo. Kwetu nyumba inaungua unaulizwa habari, unajibu "Nzuri", ndipo unaongeza "ila nyumba inaungua." Sasa huyu ambaye hata "nzuri" ya heshima imemshinda, kapatwa na nini? Nikarudi nyumbani, nikakaanga sambusa ishirini, kesho yake nikamkabidhi mkebe kwa mikono miwili na maneno niliyoyakariri usiku, "Otan osaa." Ndiyo pole yao ya msibani.

Akafungua mkebe. Akaufunga. Akauliza, "Nani kafa?"

Hakuna aliyekufa. Yule bwana alikuwa na wiki mbili za likizo mbele yake na amenunua boti. Boti! "Hakuna cha ajabu kuliko dhiki" ndiyo namna yake ya kusema mambo mazuri. Hawa ndio watu ambao ile ripoti ya dunia ya furaha imewaweka namba moja tangu 2018 hadi 2025, kila mwaka, bila kuteleza. Ukiwauliza hali, aliye hoi kwa raha anakwambia "hengissä ollaan", tupo hai. Mwingine "siinähän se", ndiyo hivyo tena. Sambusa alizila, lakini. Zote. Na mkebe hajarudisha.

Kuna mwingine, mama wa jikoni, yeye akikubali jambo anasema "joo" kwa kuvuta hewa ndani badala ya kuitoa. Hhhjoo. Mara ya kwanza nilimkimbilia na glasi ya maji, nikijua kapaliwa.

Na la kwenye tramu sitalisema lote. Nimemwona Mtanzania mwenzangu upande wa pili, miezi minne sijaona mtu wa kuzungumza naye, furaha ikanipanda, nikapaza sauti, "Kaka! Kaka! Vipi, kaka?" Ndani ya tramu kuna darasa zima la chekechea lenye vizibao vya njano. Sasa "kakka" kwa Kifini ni mavi, neno la watoto. Wale watoto walifurahi, sijawahi kuona. Waliimba kutoka pale mpaka Hervanta. Mwenzangu alishuka kituo kilichofuata akijifanya hanijui.

Niwaambie sasa la mzee.

Ghorofa ya tatu anakaa mzee mmoja mrefu, ana mbwa mdogo mwenye koti zuri kuliko langu. Mwaka mzima tunapanda lifti moja hatujasemezana. Inaniuma, maana ni mzee. Mzee! Nampita kama nguzo ya umeme. Shikamoo kwao haipo. Heshima yao ni kukuacha peke yako. Wote ni "sä" tu, "wewe", mkubwa na mdogo, bosi na mfagiaji. Kumwita mzee wa watu "sä" mimi ulimi unakataa, naona kama nimemwambia babu yangu "we!"

Nikaazimia siku hiyo nimsalimie, na nimsalimie kwa salamu ya mwenyeji, isiyo na harufu ya daftari. Nilikuwa nimeshawachunguza. Nikaona wakizungumza wanatupia neno "se" kila mahali. Mtu ni "se", mbwa ni "se", kitu ni "se", wanalitia kama chumvi. Nikasema na yangu niitie chumvi kidogo ikolee.

Lifti ikafunguka. Mzee yumo, mbwa yumo. Nikaingia, nikatabasamu meno yote, nikainama kidogo kwa heshima, nikasema kwa sauti ya kutosha:

"Mitä se sulle kuuluu?"

Mzee akanitazama. Mbwa akanitazama. Ghorofa ya tatu ikafika, wakatoka, mzee akageuka kidogo kabla mlango haujafunga kana kwamba anataka kusema kitu, mlango ukafunga. Mimi ndani ya lifti najipongeza, leo nimepiga Kifini.

Kesho yake namhadithia mama wa jikoni. Alianza kwa kuvuta hewa, nikajua ni ile "joo", kumbe anacheka, akashika meza. "Mitä sulle kuuluu" ni "hali yako vipi". Ukitia hiyo "se" hapo kati inakuwa "inakuhusu nini?" Yaani mwaka mzima mzee wa watu hajaniuliza hata saa ngapi, siku ya kwanza nafungua mdomo, naingia lifti aliyoanza kuipanda kabla sijazaliwa, nainama kwa adabu, namwambia, "Wewe inakuhusu nini?"

Wiki mbili nilitumia ngazi. Na kile kijitundu cha mlangoni, nakiri, nilianza kukitumia. Nikisikia kucha za mbwa naganda, nazuia pumzi. Nikawaelewa majirani zangu wote.

Sasa jengo letu lina sauna chini kabisa, na jioni moja kwa wiki ni ya wanaume wote. Nilikuwa siendi. Baridi ilipofika nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri nilikwenda. Nimeingia na kikoi changu nimefunga fundo mbili, mvuke umetanda, sioni kitu, nikapapasa nikakaa benchi la juu. Mvuke ulipopungua, aliyekaa pembeni yangu ni mzee wa ghorofa ya tatu, kama alivyozaliwa.

Hapo ndipo nilishukuru shikamoo haipo, maana ningempa vipi mzee aliye hivyo?

Nikasema, "Anteeksi." Samahani.

Akakaa kimya muda mrefu. Akasema, "Ilman se." Bila "se".

"Mitä... sulle kuuluu?" nikasema.

Akachota kata ya maji, akamwaga kwenye mawe. Mvuke ukanivamia masikioni. Akafikiri. Nikajua litakuja "ndiyo hivyo tena", niondoke zangu. Mzee akakohoa, akaanza kujibu.

Akaanza na goti. La kushoto. Lilifanyiwa upasuaji, halafu la kulia likaona wivu. Akaingia kwenye injini ya boti yake pale ziwa Näsijärvi, sehemu gani ilivunjika na alivyoitengeneza. Nilikuwa naambulia nusu ya maneno, na nusu hiyo ilikuwa inayeyuka. Kata nyingine. Akaja kwa mtoto wake aliyeko Uswidi, anayepiga simu Krismasi tu. Akaja kwa marehemu mkewe, alivyokuwa anapika samaki. Kipimo ukutani kinasoma themanini. Sikio langu la kulia silisikii. Lakini nitoke vipi? Mzee anajibu salamu, na nimemuuliza mwenyewe, ukimkatiza hiyo ni dharau. Akaja kwa mbwa. Mbwa ana kisukari. Nilimsikia Mama Zuhura kabisa akinong'ona pembeni: muulize na mbwa anapewa dawa gani. Nikauliza! Jibu lilichukua kata mbili.

Mwisho akanyamaza, akajipangusa uso, akanigeukia. "Entäs sulle?" Na wewe je?

Miaka mitatu nimeisubiri hiyo. Nilikuwa nayo yote tayari, ya mama Tanga, ya kodi ya nyumba, ya jua, ya mandazi, ya mkebe wangu. Nikafungua mdomo. Haikutoka hata moja. Ikabidi nivute hewa ndani:

"Hhhjoo."

Hewa ya nyuzi themanini ikashuka kifuani kama pilipili mbuzi. Mzee akatikisa kichwa taratibu, karidhika, akanyoosha mkono akachota kata nyingine.