Ginevra de' Benci: Picha ya Ndoa au ya Balozi?

Leonardo da Vinci alipomchora Ginevra de' Benci, binti wa ukoo tajiri wa Firenze, hakuacha maandishi ya kueleza nani aliyeiagiza picha hiyo, ambayo sasa imo katika National Gallery of Art mjini Washington. Tafsiri ya zamani huiita picha ya ndoa. Ginevra aliolewa na Luigi Niccolini mwaka 1474 akiwa na umri wa miaka 16, na mti wa mreteni uliochorwa nyuma ya kichwa chake, ambao jina lake la Kiitaliano, ginepro, linakaribiana na la kwake, ulihesabiwa kuwa ishara ya usafi wa mwanamke.

Hoja hiyo ina uzito, lakini mavazi yanaidhoofisha. Maharusi wa tabaka lake kwa kawaida walichorwa kwa ubavu, wakiwa wamesheheni vito vilivyotangaza hadhi ya koo mbili. Ginevra hana hata kidani, na amegeuza uso wake kututazama, jambo lililokuwa geni katika picha za wanawake wa Firenze.

Ushahidi wa tafsiri ya pili, kwamba aliyeiagiza ni balozi, umo nyuma ya ubao wenyewe ambao picha ilichorwa juu yake. Hapo kijiti cha mreteni kimezungukwa na matawi ya laureli na mtende, yaliyokuwa nembo ya Bernardo Bembo, balozi wa Venezia aliyefika Firenze mwaka 1475 na kumpenda Ginevra hadharani, kwa mapenzi ya kishairi ambayo jamii ile iliyaheshimu. Miale ya infraredi imefichua, chini ya maneno ya Kilatini yanayosomeka sasa, kaulimbiu ya Bembo: "Virtus et Honor", yaani "Uadilifu na Heshima". Kwangu mimi nyuma ya ubao ni ya Bembo bila shaka. Lakini nyuma ingeweza kuchorwa baada ya mbele, kwa hiyo nembo yake haitoshi kuiondoa ndoa. Tena sehemu ya chini ya ubao ilikatwa, na mikono, kama ilikuwapo, imepotea pamoja na chochote ilichoshika.

Kinachonisumbua ni kwamba pande zote mbili zinabishania mwanamume. Ginevra alikuwa mshairi, na katika mstari pekee wa ushairi wake uliosalia anaomba msamaha na kujiita chui milia wa milimani. Mstari huo hautuambii nani alilipa, ila unanizuia kuusoma uso ule usiotabasamu kama huzuni ya mke au unyenyekevu wa mpendwa.