Wati 3000, Sauti 7

Sauti ya redio yetu inaanzia 0 inakwenda mpaka 40. Tangu iingie nyumba hii haijawahi kuvuka 9, na hiyo 9 yenyewe ilikuwa ajali, mtoto aliikalia rimoti. Makazi yake ya kudumu ni 7. Na hapo kwenye 7 bado atatokea mtu chumbani aulize kwani leo humu ndani kuna mkutano wa hadhara. Nimepiga hesabu: nimenunua namba 40, natumia 7, hizo 33 zimekaa kama vyombo vya wageni kabatini, tunazitazama tu.

Kosa lilianzia dukani. Mimi ni mtu mzima na akili zangu ninazo, lakini nikisimama mbele ya spika zinazowaka taa, akili hubaki nje inanisubiri. Ubavuni mwa boksi wameandika WATI 3000 kwa herufi za kumtisha mwizi. Pembeni kuna herufi nyingine nne, ndogo, zimejibanza kama abiria asiye na nauli: PMPO. Sikuuliza. Muuzaji naye hakujitolea kunieleza. Alichofanya ni kuzungusha kitufe, besi ikanigonga kifuani, shati likatikisika, nami nikasema nifungie hiyo hiyo. Sikuomba nisikie mtu anaimba. Sikuomba nisikie mtangazaji anasoma taarifa ya habari, wakati hiyo ndiyo kazi itakayoifanya maisha yake yote. Mwenzenu nilipima redio kwa shati.

Nimefika nyumbani, nainama nyuma yake nichomeke waya, nakutana na kibandiko kidogo kama stempu. Umeme inaotumia: wati 55. Nikasoma tena. Nikafuta kwa kidole, labda kuna sifuri zimefunikwa na vumbi, lakini vumbi litoke wapi na kitu kimetoka kwenye boksi sasa hivi? Yaani 55 zinaingia kwa nyuma, 3000 zinatoka kwa mbele! Kama ni kweli basi sikununua redio, nimebeba mtambo wa kufua umeme, niuvute mpaka uwani niunganishie mtaa mzima, bili wawe wananiletea mimi.

Nikampigia shemeji, kaka yake mama watoto, ambaye ni fundi wa vitu hivi na ana kasoro moja tu: anajua anachokisema.

“Shemeji,” akaniambia kwa ile sauti ya kumpa mtu pole, “PMPO ni nguvu ambayo wanadai mashine inaweza kuitoa kwa kufumba na kufumbua. Na haina kanuni moja ya kuipima, kila kiwanda kinajihesabia kinavyopenda. Wewe tafuta palipoandikwa RMS. Hiyo ndiyo inayotoka mfululizo.”

Nikaitafuta. Iko huko mwisho wa kijitabu, kwa maandishi yenye haya: wati 15 kila upande. Jumla 30. Nimetoka 3000 nimeshuka mpaka 30 na plagi bado ninayo mkononi.

Kwa hesabu hizo za PMPO hata mimi ni mwanariadha. Kuna siku nilikimbizwa na mbwa. Zile hatua nne za kwanza, mtu angenipima angenipeleka Olimpiki. Asinipime ya tano.

Nikamwambia shemeji basi kesho nairudisha, nachukua yenye wati 30 kila upande. Akacheka mpaka akaondoa simu sikioni. Akasema ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti), sikio linaona badiliko dogo. Ukitaka lione sauti imekuwa kubwa mara mbili, uongeze wati kama mara 10. Cha kutazama, akasema, ni spika zenyewe: ukizipa wati 1 ukasimama mita 1, zinatoa desibeli ngapi? Spika ya desibeli 89 ukiipa nusu wati inalingana na ya 86 iliyopewa wati nzima. Nikawa naitikia “ehee, ehee” kama mtu anayeelewa.

“Na hapo kwenye 7 yako, shemeji, huenda hata hiyo wati 1 haifiki.”

Moja! Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Basi tukafunga. Nasema tukafunga lakini nilifunga mwenyewe, wengine walikuwa wananiangalia. Nyuma ya mashine kuna matundu manne, mekundu mawili na meusi mawili, na nyuma ya kila spika mawili, jekundu moja na jeusi moja. Nyaya zenyewe unazimenya ncha kwa meno, zinatoa vinywele vya shaba, kimoja kikigusa cha jirani yake umejitafutia balaa. Nikamenya, nikasokota, nikaingiza, nikabana. Ikaimba. Nikakaa kwenye kiti kama mwenye nyumba. Ila besi hakuna. Ile besi iliyotikisa shati langu dukani haipo, kimebaki kisauti chembamba kinachozunguka zunguka chumbani kama mbu asiyejua atue wapi. Mwezi mzima nimewaambia watu redio ikiwa mpya huwa hivyo, mpaka izoee nyumba.

Shemeji alipokuja kututembelea, hata soda hajaimaliza, akainuka, akaenda nyuma ya spika moja, akachomoa nyaya mbili, akazibadilisha nafasi. Besi ikarudi kama mtu aliyekuwa kajificha mlangoni. Kumbe upande mmoja nilichomeka nyekundu penye nyeusi. Spika moja ikisukuma hewa mbele, nyingine inaivuta nyuma. Sauti nzito zinakutana katikati ya chumba zinafutana. Mwezi mzima spika zangu zilikuwa zinabishana, na mimi nimekaa katikati yao nikilaumu wimbo.

Hapo ndipo akanipa somo la stereo yenyewe, somo ambalo sikuliomba. Kuna Mwingereza mmoja, mhandisi, Alan Blumlein, ndiye aliyeomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya sauti ya njia mbili mwaka 1931. Inasimuliwa kwamba alikuwa sinema na mkewe, akakereka: mwigizaji anatembea kutoka upande huu wa pazia kwenda ule, sauti yake imebaki palepale. Akamwambia mkewe mimi hili nitalipatia dawa. Na mkewe, nadhani, alimwacha alipatie dawa. Mimi wangu ananiuliza zile spika zinatoka lini juu ya kabati.

Maana kanuni inasema hivi: spika mbili na kichwa chako vifanye pembetatu yenye pande sawa, na vile vispika vidogo vya sauti nyembamba viwe usawa wa masikio. Sasa njoo kwangu. Spika ya kushoto iko juu ya kabati, inakaribia dari, kichwani imewekewa chombo cha maua kwa sababu “palikuwa patupu”. Ya kulia iko sakafuni, nyuma ya kochi, kwenye kona, kwa kuwa waya umeishia hapo na mtu mwenye nyumba yake amekataa waya upite mbele ya mlango. Na kona nayo ina mambo yake: ukisogeza spika konani, kuta mbili na sakafu zinairudishia besi yake, inavuma kama mtu anaongelea ndani ya pipa. Kwa hiyo mwimbaji anaimbia darini, gitaa la besi linapigwa chini ya kochi, na mimi niko katikati naambiwa nifumbe macho nione jukwaa. Nikifumba naona mtu anahama nyumba.

Lakini nilizoea. Tena nilijivuna. Mgeni akija namkalisha kwenye kiti cha kati, namwambia afumbe macho. “Unasikia ngoma inatokea kulia?” Anasema naisikia kabisa. Mgeni gani atakwambia haisikii, na amekaa kwenye kiti chako?

Kuhusu matumizi ya kila siku sisemi mengi. Ukiizima, ndiyo inaamka: kioo kinaanza kukimbiza maandishi ya kujisifu, taa zinacheza bluu na nyekundu mpaka asubuhi. Wiki tatu nimeifunika taulo. Kijitabu kina lugha kumi na moja na yangu haimo, mpaka mtoto wa darasa la nne akaona kitufe kimeandikwa DEMO, akakibonyeza, kimya. Redio ilikuwa bado inadhani iko dukani inatafuta mteja.

Flashi nayo: nimekesha napanga nyimbo 400, nachomeka, inanijibu NO FILE. Faili hakuna! Nimeziweka kwa mkono wangu! Eti flashi imepangwa kwa mtindo wa exFAT na yenyewe inasoma FAT32 peke yake. Ukishaipanga upya inasoma, lakini inapiga nyimbo kwa mpangilio inaoujua yenyewe, wala si alfabeti. Sidii ninazo nne. Nilitaka mashine yenye mlango wa sidii kwa sababu unafunguka polepole kwa heshima, basi.

Na ule uzi wa antena wa FM, jamani. Ukiushika na kusimama karibu na dirisha, mkono juu kidogo, kituo kinasikika safi kabisa. Ukiuachia urudi kukaa, mvumo. Mwili wako umekuwa sehemu ya antena. Nimesikiliza mpira dakika 45 nimesimama kama sanamu, mapumziko ndiyo nikakumbuka kukunja mkono.

Bluetooth ndiyo iliyonimaliza. Jina hilo wamelitoa kwa Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, anayesifiwa kwa kuunganisha watu. Kwangu imeunganisha wasiohusika. Inashika simu yoyote iliyowahi kuijua, yenyewe haiulizi. Mimi nimeweka wimbo wangu, binti akipita sebuleni na simu yake wimbo unakatika, inaanza video ya mtu anasuka nywele. Inasemekana mwisho wake ni kama mita 10, lakini mita 10 ndani ya nyumba yetu ni mpaka chooni na kurudi.

Sasa Jumamosi iliyopita nimekaa kwenye kiti cha kati, macho nimefumba, nasikiliza jukwaa langu. Mama watoto yuko jikoni na simu yake. Wimbo ukakata. Nikasubiri nywele. Badala yake ikatoka sauti ya shemeji, fundi mwenyewe, kwenye namba 7, inajaza sebule:

“Dada, ile spika ya nyuma ya kochi niliyoichomoa bado iko vilevile, au ameshagundua? Kama hajagundua muache tu, si umesema kichwa kimepona? Wiki ya tatu hii. Juzi amenipigia ananiambia besi ya kulia sasa imetulia, imekomaa. Nimecheka nimelia.”

Jikoni kitu kikaanguka, mfuniko wa sufuria kwa mlio wake. Halafu kimya. Halafu redio ikasema kwa ile sauti yake ya kike ya kiwandani kwamba kifaa kimetenganishwa.

Sikusema neno. Niliinuka, nikasogeza kochi, nikapiga magoti. Waya upo, umekunjwa vizuri, umefungwa na kile kibana mkate cha plastiki, umelazwa pembeni ya spika kama mtoto aliyefunikwa shuka. Nikakumbuka wageni wote niliowakalisha kwenye kiti cha kati. Nikakumbuka nilivyowaonyesha kwa kidole ngoma inakotokea. Wiki tatu nimesikiliza spika moja yenye maua kichwani.

Nikaurudisha, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, hilo sasa nalijua hata gizani. Nikarudi kitini. Nikaweka wimbo uleule. Besi ikavuma kutoka kwenye pipa lake, kochi likatetemeka kidogo, nikafumba macho.

“Baba Zuhura.”

“Naam.”

“Punguza, kichwa.”

Nikaiweka 6.