Jampa ya elfu ishirini na tano

Nina kibanda cha stesheneri hapa Mwanga, Kigoma, na kompyuta yangu ni ile desktopu ya kizamani, Pentium 4, ukiiwasha inaunguruma mpaka wateja wananiuliza kama nasaga unga. Ile betri yake ya saa, bapa kama sarafu, ilishakufa siku nyingi, kwa hiyo kila umeme ukikatika ikiwaka inaniambia leo ni tarehe 1 Januari 2002, na mimi nishazoea, nabonyeza F1 maisha yanaendelea. Msiicheke, ndiyo inayosomesha watoto.

Balaa lilianza nilipojifanya mjanja. Hadidiski yake ni ya GB 40 na ilikuwa imejaa pomoni, picha za paspoti za watu hata siwajui, barua za maombi ya kazi, basi jamaa mmoja akaniuzia nyingine ya mtumba, Seagate ya GB 80, elfu kumi na tano. Nikafungua sipiyu, nikauona ule waya bapa wa kijivu una kichwa kimoja cha katikati kiko wazi hakina mtu, nikasema ahaa, Mungu huyu. Nikachomeka, nikaipa na umeme, nikawasha.

Kioo cheusi. Eti hakuna diski. Nikaingia bayosi, yale mipangilio ya kompyuta yanayokuja kabla ya Windows, nikakuta kwenye mistari ya diski imeandika None, None, yaani si ile mpya wala ile yangu ya miaka yote! Nikazima, nikachomoa, nikapuliza kama mtu anayewasha jiko la mkaa, nikachomeka. None. Nikasubiri kidogo ipoe, labda imekasirika. None.

Na humo kwenye ya zamani kulikuwa na kadi 200 za mchango wa harusi za mzee mmoja wa Ujiji, anazifuata saa kumi jioni, hela ameshalipa na mimi nimeshaila. Najua mwenye akili zake angechomoa ile Seagate akaprinti kadi za watu kwanza, lakini nilishatoa elfu kumi na tano bwana, nilizitaka zote mbili.

Nikampigia shemeji yangu fundi, yuko Katubuka. Akacheka weee. "Shemeji, hizo zote mbili ni masta, yaani kila moja imepangwa iwe mkubwa wa waya! Waya mmoja hauwezi kuwa na masta wawili, zinagombana, bayosi haioni hata moja. Angalia nyuma ya hiyo Seagate, katikati ya tundu la waya na tundu la umeme, kuna kajampa, kaplastiki kadogo keupe kanakounganisha pini mbili. Kachomoe, halafu..."

Dakika zikaisha.

Halafu nini sasa? Nikajiambia halafu nikahamishie kwenye pini zingine, si ndiyo, mbona pini zipo nyingi. Nikachukua kibanio cha nyusi cha mke wangu, nikatoka na diski barazani kwenye mwanga maana hako kadude ni kama punje ya mchele, nikakabana, nikavuta, kakagoma, nikavuta kwa hasira. Kakaruka. Kakatua sakafuni, kananiangalia hivi, na kabla sijainama kuku wa mama wa dagaa, jirani yangu, akapita. Kwo! Akameza, akafuta mdomo chini, akaendelea na safari zake.

"Mama, kuku wako kameza kitu changu."

"Kitu gani, baba?"

"Jampa."

"Ndo nini hiyo?"

"Kadude ka kompyuta. Bila hako haiwaki."

Akamwangalia kuku, akaniangalia mimi. "Basi subiri, kesho atakatoa."

"Mama siwezi kusubiri mpaka kesho, mzee wa harusi anakuja saa kumi!"

"Basi mnunue. Elfu ishirini na tano."

"Kuku gani huyu wa elfu ishirini na tano?"

"Mwenye kompyuta tumboni."

Nikajaribu kushuka bei, wapi, kashaona nimebanwa. Nikatoa. Mke wangu alipoambiwa kuku achinjwe mchana wa Jumanne, hakuna mgeni hakuna sikukuu, hakuuliza kitu, alienda tu kununua mawese.

Saa tisa na nusu nimechuchumaa uani, kisu mkononi, naipasua firigisi. Kokoto, kokoto, mchanga, kipande cha shanga, mahindi, na jampa yangu hiyo hapo. Nikapiga kelele kama nimeokota dhahabu! Ndipo nikasikia mlio nyuma, ule wa kompyuta ikiwaka. Shemeji alikuja na bodaboda, akanikuta sipo dukani, akaunga waya mwenyewe akawasha, na Windows hiyo inafunguka.

"Umewezaje? Jampa si ninayo mimi hapa?"

"Shemeji, Seagate hizi ikikosa jampa inakuwa slevu yenyewe, yaani mdogo wa masta. Si nilikwambia kachomoe, halafu uwashe?"

Halafu uwashe. Kumbe kuku alikuwa ameshamaliza kazi ya ufundi saa sita mchana.

Nikaingia bayosi kuhakikisha, GB 40 masta, GB 80 slevu, zimekaa kwa amani kama mtu na mke mwenza. Shemeji akaniambia mashine za SATA, zile mpya zaidi ya hii yangu, hazina mambo haya, kila diski na waya wake. Nikamwambia sawa, ninunulie.

Mzee wa Ujiji alifika saa kumi kamili, kadi zake ndiyo zinatoka moja moja, akanusa. "Harusi bado wiki tatu, nyie mshaanza kupika?" Akakaribishwa, akakaa. Firigisi akala shemeji, eti ndiyo hela ya ufundi. Tunanawa mikono mama wa dagaa naye huyo mlangoni, kashika sahani.

"Nimesikia kompyuta imepona," akasema. "Nimekuja kuchukua paja."