Sam alipomshika Frodo mkono

Wanaume wakikaa pamoja kuangalia The Lord of the Rings, filamu zilizotokana na kitabu cha J.R.R. Tolkien, hakuna anayeona haya maadui wakikatwa vichwa. Minong'ono huanza mwishoni, shujaa Frodo anapombusu Sam, mwenzake wa safari, kwenye paji la uso wakiagana bandarini. "Ah, hawa nao vipi?" Kicheko, kisha mmoja anajifanya anatafuta simu. Upande wa pili wapo wasomaji, wengi wao vijana, wanaosema huyo aliyecheka kaona ukweli bila kupenda: hao ni wapenzi, mwandishi kaficha tu. Kambi hizi mbili hazipatani, ila zimekubaliana kwamba mwanamume hamgusi mwenzake kwa upole pasipo jambo jingine nyuma yake. Hapo ndipo nisipokubaliana nazo.

Tolkien alikuwa ofisa wa mawasiliano wa jeshi la Uingereza kwenye mapigano ya Somme, Ufaransa, mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza. Siku ya kwanza ya mapigano hayo, Julai 1, waliuawa wanajeshi wa Uingereza 19,240. Siku moja tu! Mmoja wao alikuwa Rob Gilson, rafiki yake tangu shuleni. Desemba akafa Geoffrey Smith, wa kundi hilohilo la marafiki. Tolkien aliandika baadaye kwamba kufikia 1918 marafiki zake wa karibu wote walikuwa wamekufa, isipokuwa mmoja. Na kuhusu Sam alisema ni taswira ya askari wa kawaida na wale waliowahudumia maofisa, watu aliowaona bora kuliko yeye mwenyewe. Waliotoka kwenye mahandaki yale, walikolala wamebanana wapate joto na kufungana majeraha, hawakuhitaji kufundishwa mkono wa mwenzako una kazi gani.

Ndiyo maana Frodo anapozinduka kwenye makimbilio ya Rivendell baada ya kuchomwa kisu begani, Sam anakimbilia mkono wa kushoto, ule uliokuwa wa baridi usiku baada ya usiku, anaupapasa. Halafu anaona haya, anageuka, ndipo anasema una joto sasa. Haya hiyo imo kitabuni, sikatai. Lakini haikumzuia kuushika. Ian McKellen, aliyeigiza mchawi Gandalf, amesimulia kwamba ndiye aliyemkumbusha mwigizaji wa Sam aushike mkono ule, kwa kuwa waliosoma kitabu wangeusubiri. Bila yeye, huenda ungesahaulika.

Wanaosoma mapenzi hapo nao si wajinga. Uingereza ya Tolkien iliwafunga wanaume kwa mapenzi ya jinsia moja hadi sheria ilipolegezwa 1967. Mwandishi E.M. Forster alimaliza riwaya yake Maurice, ya mapenzi kati ya wanaume, mwaka 1914, ikachapishwa 1971, yeye akiwa keshakufa. Msomaji aliyenyimwa hadithi yake waziwazi lazima ajifunze kuitafuta katikati ya mistari, na simlaumu. Kuna pia hoja nzito zaidi, ambayo wanaocheka hawaigusi kabisa: Sam ni mtunza bustani wa Frodo, anamwita bwana mpaka mwisho wa safari. Upole wa mtumishi kwa tajiri wake una maswali yake.

Lakini angalia shaka inatufikisha wapi. Aragorn, shujaa mwingine wa kisa hiki, anambusu mwenzake Boromir pajini, kitabuni na kwenye filamu, na ukumbini hakuna anayecheka. Kwa nini? Kwa sababu Boromir kifua kimejaa mishale. Mwanamume wa hadithini amebakiziwa ruhusa tatu za kumkumbatia mwenzake: akifunga goli, akitoka vitani, au mmoja akikata roho. Mwandishi anayetaka kuonyesha kwamba Juma anampenda rafiki yake analazimika amuue rafiki kwanza. Nasi tunacheka wakati wanaume wetu hushikana mikono barabarani mchana kweupe, na kanisani husomwa kwamba Daudi na Yonathani walibusiana wakalia, wote wawili wakiwa wazima.

Anayedhani mguso ni pambo tu katika kitabu hiki akasome tukio la kwenye ngazi za mlimani, Cirith Ungol. Frodo amelala kichwa kikiwa mapajani mwa Sam, mkono wa Sam juu ya paji lake. Gollum, kiumbe anayewaongoza njia, anarudi kutoka kupanga usaliti, anawaona, anasita. Ananyoosha mkono na kumgusa Frodo gotini, taratibu, kama mzee aliyechoka. Sam anashtuka usingizini, anadhani anampapasa bwana wake, anamkaripia: wewe, unafanya nini? Nafasi ya Gollum kutubu inaishia hapo, na katika barua moja Tolkien alisema kwake yeye huenda huo ndio wakati wa huzuni kuliko yote katika kisa kizima. Sam, mshika mkono mkuu, ameona mguso wa mwingine akaudhania ubaya.

Filamu ya 2003 imeliacha tukio hilo. Badala yake Gollum anamsingizia Sam kwamba amekula mkate wa safari, na Frodo anamfukuza. Watengenezaji walipata ugomvi wa kusisimua, sawa. Ila aliyeona filamu tu hajui kwamba Gollum alikaribia kugeuka, wala kilichomrudisha nyuma.