Nimejibiwa "hapana" na nimefurahi, na siyo kwamba naringa

Jumanne asubuhi niko kwenye treni naenda kazini, saa moja na nusu hivi, ikaingia baruapepe kutoka kwa mkaangaji mmoja wa kahawa hapa Hamburg. Mtu sijawahi kuonana naye, hajui mimi mtoto wa nani, hajui nimetoka Marangu wala nimesoma wapi. Wiki moja kabla nilimwachia sampuli pale mapokezi, gramu 300 za kahawa ya kwetu ya daraja la AB kwenye kibahasha cha kaki, halafu Ijumaa jioni nikamwandikia. Jibu lake mistari sita. Mstari wa pili una lile neno ambalo kila Mbongo aliyeishi Ujerumani linamkata tumbo akiliona kwenye barua, leider, yaani kwa bahati mbaya. Kwa bahati mbaya manunuzi ya msimu huu ameshafunga. Ameionja kahawa mara mbili, kaipenda, ila magunia kumi ya kilo 60 ni machache kwa mashine yake, nikiweza kufikisha thelathini nimwandikie wiki ya pili ya Februari. Akaweka na jina la binti anayeshughulika na manunuzi pale kwao ili Februari nisianze upya.

Nimekataliwa, na nilifurahi siku nzima. Nilijua nimesimama wapi. Nikafungua daftari nikamfuta kwenye orodha ya mwaka huu, nikamwandika kwenye Februari, nikaendelea na mwingine.

Sasa jioni ileile kuna kijana wa Mbinga ambaye ana namba yangu, alikuwa ameniomba nimtafutie mnunuzi wa kahawa yake na wenzake. Nikasema ngoja na mimi nimfanyie kama nilivyofanyiwa. Nikamwandikia: mdogo wangu, msimu huu siwezi, mtaji wangu wote uko kwenye mzigo wa Kilimanjaro, nitafute Februari tuone sampuli. Akajibu "sawa dada, mkishafika Ulaya mnabadilika". Kesho yake nikakuta ameirusha skrinshoti kwenye grupu na watu wanachangia, huyu ameshakuwa mzungu, mbeba box anajifanya bosi, angalau angemwambia atamcheki.

Hilo la "angalau angemwambia atamcheki" ndo limenifanya nikae niandike, maana wenzangu mnaona kumwambia mtu "nitakucheki" wakati najua sitamcheki ndo utu, na kumwambia ukweli ndo kiburi.

Kwanza tumalize la box. Ndiyo, nabeba box. Nafanya kazi ghala moja upande wa bandarini, shifti ya mchana, na kahawa naifanya alfajiri na usiku na wikiendi. Mtaji wangu umetoka kwenye hayo maboksi na sioni aibu hata kidogo, kwaiyo mnaotaka kunitukana kwa hilo tafuteni lingine.

Turudi kwenye jambo lenyewe. Nyumbani hakuna mtu anayekukataa. Tembea ofisi zote kuanzia Posta mpaka Mwenge hutapata mtu akakuambia hapana. Utaambiwa "wazo zuri sana, liache hapa tutawasiliana", utaambiwa "bosi yuko kikaoni, njoo Alhamisi", utaambiwa "kiongozi, we nikumbushe wiki ijayo". Unakumbusha, tiki mbili za bluu. Unakumbusha tena, tiki mbili za bluu. Unapigwa kalenda mpaka unajiona we ndo msumbufu, unaanza kuandika meseji ya kuomba radhi kwa kumkumbusha mtu ahadi yake mwenyewe!

Kabla sijaondoka nilikaa kwenye kochi la ofisi moja Dar siku tatu tofauti, na kila siku nilikuwa nimetoka Moshi kwa basi la jana yake. Siku ya tatu nilifika saa mbili asubuhi. Kochi jeusi limechanika kwenye mkono na mtu kaliziba kwa gundi ya karatasi, nimeishika ile gundi kwa kidole siku tatu mpaka nikaibandua. Sekretari dada wa watu mstaarabu kabisa, kaninunulia hadi chai na vitumbua. Saa sita ikalia simu, dada akasimama kabla hata hajamaliza kuongea, baada ya dakika tano akaja kaka mmoja na fulana ya mpira akapita moja kwa moja mpaka ndani, nikasikia wanacheka. Katoka na bosi wanaenda kula, bosi akanipungia mkono, "dada yangu wa kahawa, nakukumbuka, tutawasiliana". Sijamchukia yule kaka, alikuwa na mtu wa kumpigia simu na mimi sikuwa naye. Ila jumlisha nauli mara tatu kwenda na kurudi, jumlisha gesti ya Ubungo, jumlisha zile siku, halafu kumbuka mama yangu kule kihambani, shamba la nyumbani kwetu, ana kahawa ya maganda kwenye magunia na dalali anapita kila asubuhi anamshushia bei kwa sababu anajua hana pa kuipeleka. Kahawa haisubiri vikao. Unavuna kuanzia Julai mpaka kama Desemba, ukiikalia inapoteza ladha na mnunuzi wa kweli anaijua kwa kuinusa tu. Yule bosi angeniambia hapana siku ya kwanza mama asingeuza kwa hasara. Hapana yake ingekuwa na thamani ya hela, na isingemgharimu hata shilingi.

Najua mtakachosema. Mtasema huko Ulaya nako kuna kujuana. Kupo, tena kwingi! Wajerumani wenyewe wana jina lake, wanaita Vitamini B, B ya neno lao la mahusiano, na ukikosa hiyo vitamini kuna milango utaiangalia kwa nje tu. Nimekaa huku miaka sita, nimeshakosa vitu vingi kwa kukosa mtu, na kwa rangi yangu pia, sitaki kumpamba mtu. Ila hata anayeninyima ananijibu. Anaandika leider, anaweka jina lake chini, basi. Na akikupa miadi, ile ambayo sisi wa huku tumeshaifanya yetu tunasema "nina temini saa nne", saa nne mlango unafunguliwa, una nusu saa yako, unasema shida yako, hamna anayeuliza nani kakuleta.

Mwingine atasema mila. Mswahili hamkatai mtu usoni, ukimwambia mtu hapana umemvunjia heshima, "tutaangalia" ndo hapana yetu na mtu mzima anaielewa. Hii ndo hoja nzito kuliko zote na mama yangu mwenyewe ameniambia hivyohivyo kwenye simu, kasema mgeni hafukuzwi mlangoni. Nimelala nayo. Kuna ukweli ndani yake, mimi mwenyewe ile leider ya kwanza mwaka wa kwanza nililia, niliona kama nimepigwa kibao. Lakini jamani, "tutaangalia" anaielewa mtu mwenye chaguo lingine. Mwenye shida haielewi. Mwenye shida anaishika kama ahadi, anakopa nauli kwa ajili yake, anamwambia mke wake mambo yameshaiva, kuna bosi kasema ataangalia. Tunasema tunamstahi, kumbe tunajistahi wenyewe tusione uso wake ukinywea.

Halafu msiniambie ukweli wa biashara ni kitu cha kizungu. Hamburg hapa wafanyabiashara wana umoja wao wa tangu mwaka 1517, wa mfanyabiashara mwenye heshima, na msingi wake ni kwamba ukishasema umesema. Sawa, wanajivunia na wana haki. Lakini sisi hatuna mali kauli? Nenda Kariakoo sasa hivi, mtu anachukua bidhaa za mamilioni dukani kwa kauli tu, hamna karatasi, anauza, Jumamosi analeta hela. Akikosa kuleta mara moja mtaa mzima unajua na hapewi tena. Biashara ya pwani yetu imetembea kwa kauli tangu enzi za majahazi. Msemo wenyewe ni wetu! Kwaiyo kauli tunayo, tunaijua thamani yake, ila tukishavaa suti tukakaa nyuma ya meza tunaiacha dukani Kariakoo. Hicho ndo kinaniuma. Ningeona hatuwezi ningenyamaza.

Na nyumbani kuna kitu ambacho Mjerumani hanacho na hatakipata. Desemba. Wachaga wenzangu mnajua, tarehe 20 kwenda mbele barabara ya Moshi imejaa, na kuanzia Krismasi mpaka Mwaka Mpya unaweza kukaa benchi moja chini ya mgomba na mtu ambaye Dar ungemsubiri miezi mitatu. Mna kata ya mbege mkononi wote wawili, anakuita mdogo wangu, anamuulizia mama kwa jina. Mkataba wangu wa kwanza wa kusafirisha mzigo niliupata hivyo, ndafu haijakatwa bado tukawa tumeshaelewana. Na vikao vya harusi je! Kamati moja ya harusi ina mtu wa bandarini, mtu wa benki, mwenye malori, mwalimu, wote wanachangia na wote kesho wanapokeana simu. Na baba alipofariki, mwenye duka la magunia ambaye nilinunua kwake mara mbili tu maisha yangu yote alikuja msibani na gunia la mchele akakaa siku mbili akifunga maturubai na vijana. Mteja wangu wa huku aliniandikia pole ya mstari mmoja, mstari wa pili akauliza hati za kontena. Sikumlaumu, na aliandika kwa heshima. Ila usiku ule kwenye chumba changu cha Hamburg nilijua kabisa ni wapi nina watu.

Kwaiyo siwaambii muache kujuana. Kujuana kwetu ni utajiri na nikirudi narudia huo. Ninachouliza ni hiki: yule asiye na Desemba ya Marangu afanye nini? Kijana wa Mbinga, wa Namtumbo, wa Mpanda, mjomba wake hayuko wizarani, hajaalikwa kwenye kamati ya harusi ya mtu yeyote, kahawa yake au ufuta wake ni mzuri kuliko wa kwangu, anaingilia mlango gani? Huku mlango wake ni baruapepe ya mistari kumi. Kwetu kochi lililochanika. Dar na Hamburg ni miji dada tangu 2010, wajumbe wanatembeleana, na mimi kila nikisikia hivyo nawaza kama tungeiga kitu kimoja tu kutoka kwa huyu dada yetu, tuige kumjibu mtu.

"Tuna kazi nyingi, hatuwezi kujibu kila mtu." Mnajibu meme saa sita usiku. Niwieni radhi, hilo limetoka kwa hasira, lakini sifuti.

"Wewe una uhakika gani Februari huyo mzungu wako atanunua?" Sina. Anaweza akaandika leider nyingine. Mwaka juzi kuna mmoja wa Bremen aliniambia nimwandikie Machi, nikamwandikia Machi, akajibu ndani ya siku mbili, akanunua magunia manne, na mwaka uliofuata kumi na mawili. Mwingine aliniambia hivyohivyo na Machi akakataa tena. Wote wawili najua nasimama nao wapi, na mama anajua msimu ukianza tunavuna kwa hesabu gani, dalali hamtikisi tena.

Kwa yule mdogo wangu wa Mbinga, kama unasoma, na najua unasoma maana skrinshoti zinatembea pande zote mbili. Sijabadilika. Nimekuheshimu kuliko wote walioniheshimu mimi kwa "tutawasiliana". Usiishike kahawa yako kwa ajili yangu, uza kwa AMCOS yenu, chama chenu cha ushirika, au kwa mnunuzi yeyote anayeruhusiwa anayekupa bei nzuri leo, kwa sababu mimi msimu huu sina hela ya kuinunua na nimekwambia hivyo. Ila weka gramu 300 pembeni, iliyokobolewa, usichanganye na ya jirani, andika kijiji na tarehe uliyovuna. Kuna dada anasafiri kutoka Dar kuja huku tarehe 6 Februari, namba yake nimeshakutumia. Jina lako liko kwenye daftari, ukurasa uleule wa yule mkaangaji.